Linux Ikigoma Kuwaka Baada ya Sasisho, Usikimbilie Kufomati

Ukipeleka kibandani kompyuta ya Linux iliyogoma kuwaka, neno la kwanza utakalosikia ni "tufomati tu". Mimi nililisikia nikiwa chuoni. Umeme ulikatika mashine yangu ikiwa katikati ya kusasishwa, na betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikakubali. Jioni ileile ilirudi ikiwaka vizuri, safi kama imetoka dukani, na ndani yake hamkuwa na picha hata moja ya harusi ya dada yangu, wala zile sura mbili za tasnifu nilizokuwa nimezimaliza. Miaka ilipita kabla sijaelewa jinsi mashine hizi zinavyowaka, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ile ilihitaji amri mbili na robo saa. Faili zangu zilikuwemo muda wote. Sasisho halikuwa limezigusa.

Ndiyo maana ninaandika. Kompyuta ya Linux ikigoma baada ya sasisho, kilichoharibika kwa kawaida ni kitu kidogo kwenye njia ya kuwaka. Nyaraka zako zimekaa kwingine, kwenye folda ya /home, nzima. Mifano nitakayotoa ni ya Ubuntu kwa kuwa ndiyo ninayoitumia, lakini karibu kila amri itafanya kazi vilevile kwenye Linux Mint, na sehemu kubwa kwenye Debian.

Kijiti kimeanguka wapi?

Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana vijiti. Anayeanza ni UEFI, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi ya mashine. Kwenye mashine za zamani huitwa BIOS. Ndiyo inayoonyesha nembo ya kiwanda. Inakabidhi kijiti kwa GRUB, yenye menyu ya kuchagua mfumo. GRUB inapakia keneli, yaani kiini chenyewe cha Linux, pamoja na furushi la faili liitwalo initramfs, ambalo kazi yake ni kuipa keneli zana za kuifikia diski. Diski ikishafunguka, keneli inaiita systemd, nayo inaamsha huduma zote, hadi mwisho unapoona ukurasa wenye jina lako na mahali pa kuandika nenosiri.

Tazama basi ni wapi mbio zimekatika. Ukiona nembo ya kiwanda kisha neno "grub>" au "grub rescue>" kwenye skrini nyeusi, GRUB imeanza lakini haioni pa kwenda. Ukiona "Kernel panic", keneli imeanza ikakosa kitu, mara nyingi lile furushi. Ukiona "(initramfs)" na alama inayopepesa, furushi limefunguka ila diski haijafunguka. Na ukipata skrini nyeusi tupu baada ya nembo ya Ubuntu, huenda mfumo mzima umewaka salama na kilichofeli ni picha tu. Jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja: ukiulizwa jina na nenosiri kwa maandishi, pumua, sehemu ngumu imepita.

Piga picha ya skrini kwa simu kabla hujabonyeza chochote. Hitilafu inayotokea mapema kabla diski haijafunguka haiandikwi popote, na ukizima mashine maneno yale yamepotea.

Kuna watu wataapa kwamba hawakusasisha chochote, na wanasema kweli. Ubuntu huja ikiwa na huduma inayoweka masasisho ya usalama yenyewe, kimyakimya, keneli mpya zikiwemo. Keneli hiyo haianzi kazi mpaka uzime na kuwasha upya. Mtu aliyezoea kufunga kifuniko tu anaweza kukaa wiki tatu na keneli mpya iliyolala kwenye diski, halafu siku betri ikiisha kabisa mashine inagoma na yeye hana la kuhusisha na hitilafu hiyo. Ukifanikiwa kuingia, soma faili ya /var/log/apt/history.log. Imeandikwa mle ni kitu gani kiliwekwa, siku gani na saa ngapi.

Keneli ya zamani bado ipo

Hili ndilo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Ubuntu inapoweka keneli mpya haifuti iliyotangulia. Huiacha palepale, nzima, ikiwa na furushi lake, kwa ajili ya siku kama hii. Fedora nayo kwa kawaida hutunza keneli 3. Arch ni tofauti: inaondoa ya zamani na kuweka mpya mahali pake, na kwa sababu hiyo watumiaji wake wengi huweka kando keneli ya pili iitwayo linux-lts.

Washa mashine, na nembo ya kiwanda ikitokea tu, gonga kitufe cha Esc mara moja. Kwenye mashine za BIOS shikilia Shift badala yake. Mara nyingi hutahitaji hata hilo, kwa sababu Ubuntu ikishindwa kuwaka mara moja, safari inayofuata huonyesha menyu yenyewe na kusubiri sekunde 30. Ukigonga Esc kupita kiasi utaangukia kwenye "grub>". Usiogope, andika normal, bonyeza Enter, kisha gonga Esc mara moja tu, menyu itarudi.

Chagua mstari wa pili, "Advanced options for Ubuntu". Utaona keneli zimepangwa kwa namba, kwa mfano 6.8.0-60-generic, na chini yake nyingine yenye namba ndogo zaidi. Kila moja ina pacha wake aliyeandikwa "recovery mode", yaani njia ya ukarabati. Chagua yenye namba ndogo, ile isiyo na maneno hayo, ubonyeze Enter.

Mashine ikiwaka, kabla hujagusa kitu kingine, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje au flashi. Ukarabati unaweza kusubiri dakika ishirini.

Kisha fungua dirisha la amri, uandike uname -r kuona unatumia keneli ipi, na journalctl -b -1 -p err kuona makosa yaliyoandikwa safari iliyopita. Huna haraka. Unaweza kufanya kazi kwa keneli ya zamani wiki nzima ukisubiri sasisho jingine lirekebishe lile bovu, na mara nyingi ndivyo mambo yanavyoisha. Ili usilazimike kuchagua kila asubuhi, fungua faili ya /etc/default/grub, weka mistari ya GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true, kisha uandike sudo update-grub. Kwenye mashine nyingi, kuanzia hapo GRUB itakumbuka ulichochagua mwisho.

Umeme ulipokatika katikati

Kwetu hiki ni chanzo cha kawaida mno, hasa kwa sisi tunaotumia kompyuta za mtumba ambazo betri zake hazishiki chaji. Sasisho hupakua vifurushi, huvifungua, kisha hupanga kila kimoja mahali pake. Umeme ukikatika wakati wa kupanga, vingine vinabaki vimefunguliwa bila kupangwa, na initramfs inaweza kubaki nusu. Mfumo unajua mahali ulipoachia. Unahitaji kuambiwa uendelee tu.

Ingia kwa keneli ya zamani kama nilivyoeleza, uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ya kwanza inamalizia kupanga, ya pili inaleta vilivyopungua, ya tatu inajenga upya furushi la kila keneli, na ya nne inaandika upya menyu. Mbili za kwanza ndizo zingeniokolea picha za dada yangu.

Kama hata keneli ya zamani haifiki kwenye ukurasa wa kuingilia, rudi kwenye menyu uchague pacha wake wa "recovery mode". Itatokea orodha fupi. Chagua "dpkg", ambayo inafanya kazi ileile ya kurekebisha vifurushi. Ukitaka kuandika amri mwenyewe, chagua "root", na amri ya kwanza iwe mount -o remount,rw / kwa sababu njia hiyo hufungua diski kwa kusoma tu. Ukiisahau, kila utakachojaribu kitakataliwa, nawe utadhani diski imekufa.

Chumba cha /boot kikijaa

Aliyechagua kufunga diski yake kwa siri (encryption) wakati wa kuweka Ubuntu huwa na kipande kidogo cha diski kilichotengwa kwa ajili ya keneli, /boot. Keneli mpya zinakuja, za zamani hazijaondolewa, kipande kinajaa. Sasisho linaingiza keneli mpya lakini furushi lake linakosa nafasi. Ukiwasha unakutana na maneno "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Sifuri mbili hizo maana yake keneli haijaona diski yoyote, kwa kuwa zana za kuifikia hazikuwepo.

Ingia kwa keneli ya zamani na uandike df -h /boot. Ukikuta imetumika asilimia 100, umempata mwizi. Andika sudo apt autoremove --purge ili kuondoa keneli zisizohitajika. Amri hiyo ikikataa, orodhesha zilizopo kwa dpkg -l 'linux-image-*', chagua iliyo kongwe kuliko zote, uiondoe kwa jina lake kwa sudo apt purge. Kamwe usiondoe ile inayotajwa na uname -r, ndiyo iliyokubeba sasa hivi. Nafasi ikipatikana, jenga furushi lililokosekana kwa sudo update-initramfs -c -k ikifuatiwa na namba kamili ya keneli mpya, kisha sudo update-grub.

Skrini nyeusi na kadi ya picha

Mashine zenye kadi ya NVIDIA huathirika zaidi hapa, kwa sababu draiva yake lazima ioane na keneli iliyopo. Keneli ikibadilika na draiva ikabaki nyuma, unapata giza. Kwenye menyu ya GRUB weka mwanga kwenye mstari wa Ubuntu bila kubonyeza Enter, ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux; mwishoni mwake kuna "quiet splash". Futa maneno hayo, andika nomodeset, ubonyeze F10. Badiliko hili ni la safari moja tu, halibaki. Picha itakuwa duni lakini utaingia. Ukiwa ndani, sudo ubuntu-drivers install itatafuta draiva inayofaa.

Kuna skrini moja ya bluu iliyowaponza wengi. Baada ya kuweka draiva ya namna hii, mashine yenye kinga ya Secure Boot huuliza, mara inayofuata ikiwaka, "Perform MOK management". Hapo inataka uthibitishe kwamba draiva hiyo umeiweka wewe. Unachagua "Enroll MOK" na kuandika nenosiri ulilotunga wakati wa kuweka draiva. Skrini hiyo inasubiri sekunde 10 tu. Ikikupita, draiva haitapakiwa.

Kosa likitoka kwa jirani

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wana hatari yao. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililokusudia kuzuia matoleo ya GRUB yenye udhaifu wa usalama. Halikupaswa kugusa mashine zenye mifumo miwili, lakini liligusa nyingi kati ya hizo, na Linux zikagoma zikionyesha "SBAT self-check failed: Security Policy Violation". Mtumiaji wa Linux hakuwa amefanya lolote. Ukikutana na maneno hayo, ingia kwenye mipangilio ya UEFI, zima Secure Boot, washa Ubuntu, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, zima na kuwasha upya ukiingia tena Ubuntu, kisha rudisha Secure Boot.

Na wakubwa nao huteleza. Mwishoni mwa Julai 2020, sasisho la kuziba tundu la usalama la GRUB lililoitwa BootHole lilizifanya baadhi ya seva za Red Hat na CentOS zishindwe kuwaka, na mafundi wakashauriwa wasisasishe mpaka litolewe jingine. Nalitaja kwa sababu watu wengi hujilaumu, "nimeua mashine kwa kutojua". Mara nyingi si wewe.

Diski ikilalamika

Ukiangukia kwenye "(initramfs)" na juu yake pameandikwa "RUN fsck MANUALLY", mashine ilizimika ghafla na orodha ya faili kwenye diski imevurugika kidogo. Ujumbe huo hutaja jina la kipande, kwa mfano /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2 ukitumia jina uliloliona wewe, subiri imalize, kisha andika exit. Hali hii ikijirudia wiki hadi wiki, au ukiona maneno "I/O error", diski yenyewe inachoka. Hapo acha ukarabati, nakili kila kitu, utafute diski nyingine.

"You are in emergency mode" mara nyingi ni kwamba /etc/fstab inataja diski ambayo haipo tena, labda ile ya nje uliyoichomoa. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wake.

Flashi ya uokoaji

Ikiwa hata menyu haionekani, unahitaji kuwasha mashine kwa flashi. Na hapa ndipo mtu mwenye kompyuta moja hukata tamaa: flashi ataitengeneza na nini? Kwa simu. Programu ya Android iitwayo EtchDroid huandika faili ya Linux kwenye flashi kupitia waya wa OTG. Ubuntu kamili itakula bando la karibu gigabaiti 6, na flashi iwe ya gigabaiti 8 au zaidi. Bando likiwa dogo, faili ndogo ya Debian, ile ya netinst, iko chini ya gigabaiti 1 na ina njia ya uokoaji ndani yake, ingawa haina madirisha ya kufanyia kazi.

Chomeka flashi, uwashe huku ukigonga F12 kwenye Dell na Lenovo, au F9 kwenye HP. Chagua flashi, kisha chagua kujaribu Ubuntu. Usibonyeze kuiweka. Sasa fungua kidirisha cha faili na uone diski yako ya ndani pembeni: nyaraka zako zimo. Zinakili kwanza.

Baada ya hapo andika lsblk -f. Kipande kikubwa chenye neno ext4 ndicho mfumo wako, na kidogo chenye vfat ndicho cha kuwashia. Tuseme ni sda2 na sda1. Kwenye diski mpya majina yatakuwa kama nvme0n1p2 na nvme0n1p1. Diski iliyofungwa kwa siri ina hatua za ziada, na mwenye nayo namshauri anakili nyaraka kisha aketi na mtu mwenye uzoefu. Kwa diski ya kawaida:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Amri ya mwisho inakuingiza ndani ya mfumo wako uliolala, kana kwamba umewaka. Ukiwa humo, rudia zile amri nne za umeme uliokatika, safari hii bila sudo. Kama tatizo lilikuwa GRUB kutoonekana kabisa, andika grub-install kabla ya update-grub. Maliza kwa exit, zima, chomoa flashi, washa.

Flashi yangu imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kila toleo la Ubuntu la muda mrefu linapotoka, Aprili ya miaka inayogawanyika kwa mbili, naiandika upya na kuijaribu siku hiyohiyo mashine ikiwa nzima. Hukaa kwenye mfuko wa mbele wa begi la kompyuta, pamoja na waya wa OTG.